Kofia Tatu za Jora Moja

Maskati, 8 Januari 1995

Shangazi Thuwaiba,

Amani iwe juu yako na juu ya Baba na kila anayelala chini ya paa lile. Mimi na Hamimu wazima. Watu wa huku wanalalamika baridi, na mume wangu kawa mmoja wao, anavaa sweta mbili kwenda kazini. Nikimwambia Bujumbura mvua ikinyesha juu milimani tunaoga maji ya bomba hivyo hivyo, anasema sisi tumelelewa vibaya.

Nina habari ya kukuchekesha. Mimi, Nura, uliyenichapa viganja kwa sababu sijui kukunja pindo la leso, nimekuwa mshona kofia. Usicheke kwanza. Hamimu anatoka asubuhi na kurudi magharibi, nami nabaki nazitazama kuta. Nyumba ya chini yetu anakaa bibi mmoja, Bi Sikuzani, mzaliwa wa Rumonge, kaja huku miaka ya sabini. Siku ya kwanza nilipomsikia ngazini akimgombeza mtu wa gesi kwa Kiswahili cha kwetu, nilikaa chini nikalia. Macho yake yamechoka, hawezi tena kutia uzi kwenye sindano. Basi mimi namtilia uzi, yeye ananifundisha. Ni kofia za mkono, bafta nyeupe tabaka mbili, na vitundu vidogo vidogo vinavyotobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja. Nikijitahidi siku nzima natoa vitundu ishirini, na kumi ananifumulia.

Sishoni za kuuza. Nashona kwa sababu nikishika sindano siwazi. Unajua ninachowaza: wale wawili waliotoka tumboni kabla ya siku zao. Na tuishie hapo.

Nataka kushona tatu kabla ya Idi Kubwa: ya Baba, ya Hamimu na ya Kaka Azhar. Bi Sikuzani anasema kichwa hakiandikwi kwa namba, kinaletwa kwa uzi. Zungusha uzi juu ya masikio, funga fundo unapokutana, kata. Wa Baba fundo moja, wa Azhar mafundo mawili, nisije nikawachanganya. Na mwambie huyo Azhar aniandikie japo mstari. Tangu niolewe kaniandikia mara moja tu, na barua yenyewe ilikuwa ya kuomba saa.

Mwanao,
Nura

*

Bujumbura, 6 Machi 1995

Nura mwanangu,

Barua yako imesafiri kama mtu aliyeapa kutofika, lakini imefika, na imetukuta hai, Alhamdulillahi. Ramadhani tumeimaliza, Idi tumesali. Baba yako sukari inapanda na kushuka. Nikimnyima halua anasema mimi ni dada yake, si daktari wake. Duka tunafungua siku tatu, tunafunga siku mbili. Zikija siku za ville morte, vijana wanafunga barabara kwa mawe na matairi, na mji mzima unakaa ndani. Sitaki kukuandikia mambo hayo. Umeolewa mbali, kaa mbali.

Nimecheka, ndiyo. Nilimsomea Consolate, mke wa Térence, yule rafiki wa Azhar aliyesoma naye, walikuja kutupa mkono wa Idi kutoka Mutanga Nord. Akasema, "Nura huyu? Mwenye alikuwa anashona kifungo na kidole chake?" Kumbe na yeye anakukumbuka.

Nyuzi ni hizi. Baba yako alikaa kimya kama anayenyolewa. Azhar nilimkimbiza nyumba nzima, mtu wa miaka ishirini na sita, mpaka nikamshika sikio. Fundo la pili kalifunga mwenyewe. Nafasi iliyobaki hapa chini kaniomba nimwachie.

Shangazi yako,
Thuwaiba

Nura, usishangae urefu wa uzi, Shangazi hakukosea. Kichwa ni kikubwa kwa sababu kina vitu ndani. Usinitilie maua, mimi si bwana harusi. Nataka mistari ya mawimbi kama kofia ya marehemu Babu. Na isinibane! Nikibanwa kichwa sisikii hotuba ya Ijumaa, dhambi zitakuwa zako. Saa ilifika, asante. Imesimama. Azhar.

*

Maskati, 2 Aprili 1995

Shangazi,

Mna hali gani? Nauliza hili kabla ya salamu, utanisamehe.

Redio imetaja Bujumbura siku nne mfululizo. Wamesema watu wamekufa, wengine wamekimbia kwa miguu kuelekea mpaka wa Zaire, wametaja mitaa ninayoijua kama kiganja changu. Nimepiga simu dukani asubuhi, mchana na jioni. Inalia, haipokelewi. Hamimu kaenda kuuliza kwa watu wa Burundi wanaokutana msikitini, karudi anasema hakuna mwenye habari za uhakika.

Nina jambo la kukwambia na nilitaka nikwambie kwa furaha. Nina mimba ya miezi mitatu. Hii haijatoka. Daktari amenilaza, nisibebe kitu, nisipande ngazi, nisipate mshtuko. Kwa hiyo nashona nikiwa nimelala ubavu, na Bi Sikuzani anapanda yeye kwangu, maskini, na magoti yake yale.

Niandikieni haraka. Kila mtu mstari wake kwa mkono wake, Baba na Azhar na wewe. Nikiuona mwandiko nitatulia.

Nura

*

Bujumbura, 11 Mei 1995

Nura mwanangu, mama yangu,

Allah aikamilishe hiyo mimba na akupe mtoto mwenye afya. Nimesujudu niliposoma. Baba yako pia.

Sisi tupo. Barua imechelewa kwa sababu posta ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Idi Kubwa ilikuwa jana, tumesali nyumbani. Simu haikupokelewa kwa sababu duka limefungwa kidogo. Tumehama, mwanangu. Nyumba ya mtaa wa Asiatiki tumeiacha kwa sasa, tuko Kinindo, katika nyumba ya jamaa aliyesafiri. Kumetulia, hewa ya ziwa inaingia dirishani, inamfaa baba yako. Anapenda kukaa kiti cha langoni kutwa. Mkono unamtetemeka siku hizi, hawezi kuandika, anakusalimu sana.

Consolate yuko nasi na watoto wake wawili. Mutanga Nord si pa kukaa na watoto. Ananisaidia jikoni, mikono yake haitulii.

Azhar kavuka Uvira, upande wa Zaire, kuna bidhaa za baba yako zilizokwama huko. Atakawia. Posta ya huko unaijua.

Sasa nisikilize. Hiyo redio izime. Lala, kula, shona kofia zako. Usiulize ulize. Kazi yako wewe kwa sasa ni moja tu, nayo iko tumboni.

Shangazi

*

Maskati, 3 Julai 1995

Shangazi,

Nakuombea wewe na Baba kila ninapoinua mikono, na mtoto ananipiga mateke wakati wa sijda kama anayetaka kumaliza haraka. Miezi sita. Sijawahi kufika hapa. Naogopa hata kusema.

Kofia nimezimaliza. Idi imepita, lakini kofia haiozi. Mbili nampa Ustadh mmoja anayepitia Nairobi kuja huko. Ya Baba ni ya vitundu vya maua madogo. Ya Azhar ni ya mawimbi, kama alivyoagiza, na Mungu anajua yalivyonitesa. Wimbi la tatu kwa nyuma limepinda, nimelifumua mara nne, la tano nikaliacha. Mwambie akivaa asimpe mtu mgongo. Ya Hamimu nimebaki nayo huku, anaiangalia kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Zote tatu zimetoka jora moja la bafta, Bi Sikuzani alinipa mwenyewe, alilihifadhi miaka.

Kila kofia niliipima kwa uzi wake. Uzi wa Baba ulikatika nilipomaliza. Wa Azhar ninao, nimeuweka ndani ya msahafu.

Sasa na wewe nisikilize. Uvira unaiona kwa macho ukisimama ufukweni hapo Kinindo. Taa zao tulikuwa tukizihesabu utotoni. Mtu gani anakaa Uvira miezi mitatu asipate mtu wa kumpa karatasi? Na Térence yuko wapi? Umeniandikia habari za mke na watoto, mume hukumtaja. Siulizi bidhaa wala duka. Nataka mstari mmoja wa Azhar. Hata aandike matusi.

Nura

*

Bujumbura, 22 Agosti 1995

Nura, mboni yangu,

Ustadh alifika na kifurushi chako, Allah amlipe. Nilifungua mezani, na Consolate akainama karibu mpaka pua inagusa. Akahesabu vitundu vya duara la juu, akapotea, akaanza upya. Akaniambia, "Mama Thuwaiba, huyu mutoto amekaa wapi na moyo wa hivi?" Nami sikuamini kwamba mkono ule niliouchapa ndio uliofanya kazi hii. Nimejivuna mbele ya watu, nimesahau hata kusema mashallah.

Ya baba yako Ijumaa ya kwanza ilimkaa vizuri. Nikaifua, nikapiga wanga, nikaikausha juu ya bakuli. Ijumaa ya pili ikawa inamkaa utosini kama kifuniko cha birika! Anaivaa hivyo hivyo, hataki nyingine.

Azhar alikuja kutoka Uvira kwa siku chache, akavaa yake, ikamkaa sawasawa. Mawimbi kayapenda, lile lililopinda kasema ndilo zuri kuliko yote. Sasa yuko huku na huko, lakini Ijumaa hakosi. Kila Alhamisi naifua kwa mkono wangu na kuipiga wanga, na kila Ijumaa anaivaa, na haijambana hata kidogo. Kuandika anasema ataandika. Unamjua.

Usinikasirikie, mwanangu. Umebakiza miezi miwili. Kula tende.

Shangazi

*

Maskati, 18 Septemba 1995

Shangazi,

Amani kwako. Leo sina salamu ndefu.

Juma lililopita niliifua kofia ya Hamimu kwa mara ya kwanza. Ilipokauka haikumwingia. Akajitahidi kuivuta kwa mikono miwili mbele ya kioo, mimi na Bi Sikuzani tukacheka mpaka mtoto akageuka tumboni. Kisha Bi Sikuzani akaniuliza, bafta uliilowesha kabla ya kukata? Nikasema sikuilowesha. Akapiga kofi paja lake. Kumbe bafta mpya lazima ilowekwe ndani ya maji na kukaushwa juani kabla ya kuigusa kwa mkasi, la sivyo inanywea, inapungua kwa maji ya kwanza, na haichagui kichwa. Anasema hilo ndilo jambo la kwanza anafundishwa msichana, na alilisahau kwa sababu hakuwahi kumfundisha mtu mzima.

Nikakumbuka kofia ya Baba, kifuniko cha birika. Nikaenda kuitoa barua yako, nikamsomea kwa kicheko changu kile kile. Ya Baba imenywea. Ya Hamimu imenywea. Ya Azhar inafuliwa kila Alhamisi na haijambana hata kidogo. Jora moja, Shangazi. Mkasi mmoja, siku moja.

Bi Sikuzani aliacha kucheka kabla yangu. Nilipomtazama Hamimu, akasema anakwenda kununua mkate. Mkate ulikuwa mezani.

Nimebakiza wiki tano. Usinijibu barua hii. Ukinijibu utaniambia uongo mwingine au utaniambia kweli, na vyote viwili siviwezi kwa sasa. Nitalala ubavu wangu wa kushoto kama daktari alivyosema na sitamuuliza Hamimu kitu. Nitakapomaliza kazi niliyo nayo tumboni nitakuandikia. Siku hiyo nitauliza, na utanijibu.

Nura

*

Maskati, 20 Novemba 1995

Shangazi,

Nimejifungua tarehe 26 Oktoba, mtoto wa kike. Mzima. Ana nywele nyingi na hasira za kwenu. Tumempa jina la Mama, Zuwena. Arobaini bado, lakini nakaa, natembea, nanyonyesha.

Niambie.

Nura

*

Bujumbura, 9 Desemba 1995

Nura,

Mtoto awe wa kheri, akue akuzike wewe, si wewe umzike yeye. Nimeanza na dua hiyo kwa sababu ndiyo pekee niliyo nayo. Baba yako hajui kwamba naandika. Alituapisha wote mwezi wa Aprili, barua yako ya mimba ilipofika, na Hamimu kwa simu, kwamba usiambiwe mpaka uzae. Umezaa, nikamwambia sasa tumwambie, akasema tutamwambia nini, nani kaona maiti? Kwake hakuna maiti, hakuna msiba.

Ilikuwa siku mbaya ya mwisho wa Machi. Consolate alipiga simu dukani akilia, vijana wamezingira mtaa wao, wanaingia nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wa kabila la Térence. Azhar akachukua kamyoneti ya duka, na Sylvère mpakizi wetu pembeni yake. Baba yako alisimama mlangoni akamwambia usiende, Azhar akambusu kichwa akaenda. Safari ya kwanza akarudi na Consolate na watoto, wamelala nyuma chini ya majora ya vitambaa. Aliwashusha kwetu, akaomba maji. Nilimpa kikombe. Akanywa amesimama. Nikamwambia Azhar mwanangu basi, umefanya la kutosha. Akasema, "Mi narudi saa hii hii, Shangazi. Térence amebaki bafuni." Hakumaliza hata maji.

Yaliyobaki aliyasema Sylvère. Yeye na Azhar walimchukua Térence, wakamkalisha mbele, katikati yao wawili. Waliposhuka walikuta bariyeri, vijana wameziba njia, ambayo haikuwepo mara ya kwanza. Wakamtambua Térence. Wakasema, "We Mwarabu shuka, uende kwenu. Hii apana maneno yako." Sylvère walimwambia hivyo hivyo, akashuka, ana mama mzee, simlaumu, naapa simlaumu. Azhar hakushuka. Aliwaambia, "Huyu ni mutu wangu, nafika naye nyumbani." Wakamwambia mara ya pili. Akashika usukani kwa mikono miwili. Sylvère alikimbia, hakugeuka, alisikia tu.

Gari ilipatikana baada ya siku mbili, chini kwenye korongo la Ntahangwa, imeungua. Haikuwa na mtu ndani. Tumeuliza hospitali, tumeuliza kwa wanajeshi, tumeuliza kwa mapadri. Hamna. Ndiyo maana baba yako anakaa langoni. Ndiyo maana tulihama Asiatiki, kwa sababu kule alikuwa akikaa barabarani na watu walianza kumzoea. Hapa Kinindo angalau kuna lango.

Kofia niliiandikia uongo, ndiyo. Haijaguswa na maji. Iko kwenye kabati langu, katika karatasi yako ile ile. Nilianza kukuandikia tu kwamba imefika, kalamu ikaendelea yenyewe. Nilipokuwa naandika nilimwona kweli, Ijumaa, anajitazama kwenye kioo cha koridoo. Siku hiyo nilikuwa na furaha, Nura. Miezi yote hii ni siku ile tu, nikikudanganya, niliyokuwa na furaha.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza pia sawa.

Thuwaiba

*

Maskati, 10 Januari 1996

Shangazi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimempakata mtoto. Maziwa yalikatika siku mbili. Yamerudi.

Nimekukasirikia. Nimemkasirikia Hamimu zaidi, alikuwa anapokea salamu za rambirambi msikitini na kurudi nyumbani kuniuliza nimepika nini. Miezi saba watu wa Burundi wa Maskati nzima wananitazama kwa huruma na mimi nawaonyesha mawimbi ya kofia! Nawaambia ni ya kaka yangu, kichwa chake kikubwa. Hakuna aliyenikatiza. Nikikumbuka hilo natamani kuvunja vyombo.

Halafu nikimtazama Zuwena najua kwamba mngeniambia Aprili asingekuwepo. Kwa hiyo siwezi hata kukasirika mpaka mwisho. Mmeniharibia hata hilo.

Nina ombi, na sitaki unijibu kwamba Baba hatataka. Azhar hakuoshwa. Hakuna aliyemmwagia maji, hakuna aliyemfunga sanda. Hilo ndilo linaloniamsha, kuliko hata bariyeri. Hatuna cha kumwoshea, Shangazi, isipokuwa kile kitambaa nilichokipima kwa kichwa chake. Itoe kabatini uifue. Najua itanywea. Iache inywee. Ikibaki kubwa kama nilivyoileta, Baba ataendelea kukaa langoni akimngoja mwenye kichwa chake, na wewe utaendelea kuandika barua zako za Alhamisi.

Ndani ya bahasha hii kuna uzi. Mafundo mawili. La pili alilifunga mwenyewe, kwa hiyo usilifungue.

Nura

*

Bujumbura, 24 Februari 1996

Nura mwanangu,

Ramadhani imekwisha, Allah azikubali funga zetu, na wewe ulipe zako za kunyonyesha taratibu. Mbusu Zuwena katikati ya nyusi. Mji uko vile vile, siku ya kufungua na siku ya kufunga. Consolate anaondoka mwezi ujao kwenda kwa ndugu zake Kigoma. Watoto wamenizoea, sijui nitafanyaje.

Barua yako ilifika katikati ya mfungo. Nilikaa nayo wiki mbili. Uzi niliuweka chini ya mto. Juzi Alhamisi baada ya alasiri nikajaza beseni uani, nikaitoa kofia kwenye karatasi yake. Baba yako yuko langoni, kanipa mgongo, nikadhani haoni. Nilipotaka kuitia kofia majini nikasikia kiti kinasogea. Akaja na fimbo yake akasimama mbele yangu, akaitazama kofia, akanitazama mimi. Nikamwambia, Azzan, mwanao Nura kaomba. Nilingoja anifokee. Akanyoosha mkono unaotetemeka, akasema, "Apana we, Thuwaiba. Mwanaume anaoshwa na wanaume. Leta hapa."

Akaketi kwenye kigoda, kakunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko. Akaanza upande wa kulia. Akaosha mara tatu, kila mara nikimwaga maji na kumletea mengine, na maji ya mwisho akanituma karafuu maiti, nikasaga kipande nikaweka. Mkono wake haukutetemeka, Nura. Sijui kwa nini, naandika nilichoona. Sylvère alikuwa ameleta mkaa, akasimama pale pale na gunia kichwani hakulitua. Consolate alitoka jikoni akakaa chini kwenye ngazi, na nikajua na yeye anamwoshea wa kwake.

Jana baada ya sala ya Ijumaa baba yako alimwendea imamu mwenyewe. Watu wakapanga safu wakamsalia Azhar sala ya asiye mbele yao. Kiti cha langoni kasema kiingizwe ndani, jua litakiharibu.

Kofia ilikaukia juu ya bakuli lile lile. Asubuhi hii nimeuzungusha uzi wako. Mafundo sikuyagusa. Uzi umezidi vidole viwili na nusu. Isingemwingia, mwanangu. Ingembana, na angetupigia kelele nyumba nzima mpaka Ijumaa nyingine.

Shangazi yako,
Thuwaiba